Kona ya Juu, Mkono wa Kulia

Mama yeyote mwenye mtoto na mwenye kazi ya mikono na asome haya mpaka mwisho. Asisome ili amcheke Eudosia. Asome ili siku akikuta kasoro kwenye kazi yake mwenyewe, mdomo umfungukie mapema kuliko ulivyomfungukia Eudosia.

Huyu Eudosia alikuwa fundi wa fremu za picha katika mji wa Santa Rufina, kule milimani, mwendo wa saa moja kutoka Kusko. Alikuwa fundi hasa, hilo halina ubishi. Kona zake alizikata kwa msumeno wa mkono ndani ya sanduku la kukatia aliloachiwa na baba yake, kila ubao digrii arobaini na tano, kisha akazisugua kwa randa ndogo mpaka mbao mbili zikikutana huoni zilikutania wapi. Kabla ya kutia gundi alikuwa akiinua kona mbele ya dirisha na kufumba jicho moja. Mwanga ukipenya, hata mwembamba kama uzi, alirudi kwenye msumeno. Na gundi ikishakauka, kila kona aliitoboa kwa nyuma akapigilia ulimi wa mti mgumu, ili mbao mbili zishikane kama watu walioshikana mikono.

Mwaka ule msimamizi wa sikukuu ya Bikira alikuwa Bibi Primitiva, mjane mwenye duka la vitambaa na sauti ya kuitia mbuzi. Msimamizi ni mmoja kila mwaka, na kila mmoja hutaka kumpita wa mwaka uliopita. Mwingine alileta bendi mbili, mwingine fataki mpaka paka wakahama mji. Bibi Primitiva akasema yeye ataivika picha ya Bikira fremu mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imeliwa na wadudu. Fremu ya mwerezi, pana kiganja kizima, yenye dhahabu na kioo. Mafundi wanaume wa Kusko waliitaka sana kazi hiyo. Akampa Eudosia.

"Mwanamke atamvika mwanamke mwenzake," alisema. "Na usiniaibishe, maana nitakuaibisha zaidi."

Eudosia hakulala kwa furaha. Tangu baba yake afe, miaka minane sasa, watu walikuwa wakisema, "Fremu nzuri hii, ya marehemu?" hata kama ameitengeneza yeye juzi. Sasa ingekuwa kanisani, na jina lake nyuma.

Taabu ilianzia kwenye mbao. Mwerezi ulifika Februari, mvua zikinyesha kutwa, nao ulikuwa mbichi. Mbao za fremu hulazwa kivulini mwaka mzima, na Eudosia alikuwa na miezi minne. Alikuwa amekaa kizingitini ameshika shavu, Nicanora akamkuta. Nicanora ni muoka mikate, nyumba zao zimegawana ukuta mmoja, shoga yake tangu wanacheza na vibuyu.

"Una msiba gani?" Nicanora aliuliza.

"Mti mbichi huu. Ukikatwa hivi utacheza, utajipinda."

"Leta juu ya tanuri langu. Kama linanikausha mimi na matako yangu haya, mti litaushindwa?"

Wakacheka, wakazipandisha mbao juu ya tanuri. Siku kumi na mbili. Zilipotoka zilikuwa nyepesi, zinanukia vizuri, ukizigonga zinalia. Eudosia alijua, na hapa ndipo anapojilaumu, kwamba joto la haraka hukausha ngozi ya mti na kuacha unyevu moyoni, kama mkate uliotolewa mapema. Alijua. Lakini kalenda ilikuwa ukutani inamtazama.

Akakata. Kona zikafunga vizuri ajabu, mwanga haukupenya hata moja. Akatia ndimi za mti mgumu, akapaka plasta nyeupe tabaka nane, akalaza dhahabu karatasi kwa karatasi huku amebana pumzi, akaisugua kwa jiwe laini mpaka ikang'aa. Aprili ikapita, Mei ikapita. Mvua zikakoma, kikaja kiangazi cha milimani, jua linalochoma mchana na baridi inayopasua midomo. Mti ukaanza kukauka kweli.

Jumatatu asubuhi, siku sita kabla ya sikukuu, Eudosia alifungua dirisha la karakana akaiona. Kona ya juu, mkono wa kulia. Kwa upande wa ndani dhahabu ilikuwa imepasuka mstari mfupi. Akaingiza ukucha, ukucha ukaingia. Akaigeuza fremu. Ule ulimi wa mti mgumu, alioupigilia kwa nyundo, akaushika kwa vidole viwili ukatoka wenyewe, kama jino la mtoto. Kona nyingine tatu zilikuwa zimeachia kidogo tu na ndimi zake zimeshika. Hii moja ilikuwa imeshikwa na plasta na dhahabu tu.

Akakaa chini juu ya vumbi la mbao.

Kutengeneza nyingine haiwezekani, plasta peke yake hutaka wiki tatu. Kwenda kwa Bibi Primitiva kumwambia? Alisimama, akavaa shali, akafika mpaka mlangoni. Pale mlangoni akasikia masikioni mwake wale mafundi wa Kusko wakicheka. Akaivua shali.

Alichukua vumbi la mbao, akalikanda na gundi kama unga wa maandazi, akaujaza ufa. Akarudisha ulimi mahali pake kwa uji huohuo. Akapaka plasta, akaipiga msasa, akalaza dhahabu, akasugua. Kufika saa tisa alasiri hungeona kitu hata ukiletewa taa. Akajiambia, "Jumatano nitaenda kwa mhunzi anifanyie kipande cha chuma, nikifunge nyuma, basi." Na kweli chuma kingetosha. Mpaka hapo kosa lilikuwa dogo.

Lakini Jumanne saa nne asubuhi bendi ikalia mlangoni.

"Fundi! Fungua, tumekuja kumchukua bibi harusi!" Alikuwa Bibi Primitiva, kofia mpya kichwani, nyuma yake wabebaji wanane na wapiga tarumbeta.

"Bibi, si tulisema Alhamisi?"

"Padri wa kuibariki anasafiri kesho, anarudi Jumamosi usiku. Leo ndiyo leo."

"Nina kazi kidogo imebaki. Nyuma."

"Nyuma nani anatazama? Bikira hatembei kinyumenyume."

Watu wakacheka. Mzee Saturnino, kiongozi wa wabebaji, seremala wa zamani mwenye vidole saba, aliinama juu ya fremu. Akapitisha kidole gumba polepole kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, ileile.

"Mama," mzee alisema, "hii umeikata au umeimimina? Baba yako angekuwepo angeona wivu."

Eudosia akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomfunga. Kwani baada ya kusifiwa mbele ya watu hivyo, utaanzia wapi kusema?

Wakaibeba kwa tarumbeta. Na desturi ya Santa Rufina ni hii: Bikira akishaingizwa kwenye chumba cha pembeni ya kanisa kuvishwa, pazia linashushwa, mlango unafungwa, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa msimamizi mpaka asubuhi ya sikukuu. Hata padri haingii; msimamizi peke yake huingia kubadili mishumaa.

Jioni ile Luzmila, binti yake wa miaka kumi, aliingia mbio kutoka shule ya masista, pumzi juu.

"Mama! Mama, nimepata utepe!"

Eudosia alikuwa anamenya viazi. "Utepe gani?"

"Wa Bikira! Sista Amparo amechagua wanne tu. Nitatembea chini ya Bikira, Mama, chini yake kabisa!"

Hapa inabidi kueleza kidogo. Picha haibebwi kifuani. Inaning'inia kwenye upinde wa mbao ambao watu wanane huubeba mabegani, juu sana, ili mji wote uione. Kulabu mbili hufungwa kwenye ubao wa juu wa fremu, basi uzito wote wa picha na kioo huzivuta kona mbili za juu. Na chini yake, kati ya wabebaji, hutembea wasichana wanne wa komunyo ya kwanza, kila mmoja ameshika utepe ulioshuka kutoka kwenye fremu.

"Umewekwa upande gani?" Eudosia aliuliza. Kisu kilikuwa kimesimama kwenye kiazi.

"Mbele. Kulia." Luzmila akaona uso wa mama yake. "Hufurahi?"

"Nimefurahi. Nenda kanawe."

Jumatano asubuhi alikwenda dukani kwa Bibi Primitiva. Alikwenda na kipande cha chuma ndani ya kikapu, bado kina moto wa mhunzi. Njiani alikuwa amejipanga maneno. Duka lilikuwa limejaa wanawake wananunua tepe na lesi.

"Bibi, naomba unifungulie dakika kumi. Nataka kuongeza chuma nyuma ya fremu."

Bibi Primitiva aliacha kupima kitambaa. "Chuma? Kwani inaumwa?"

Wanawake wakageuka wote.

"Haiumwi," Eudosia alisema. "Ni kuongeza nguvu tu."

"Fundi, nijibu mbele ya hawa. Fremu ni nzima au si nzima?"

Ilikuwa rahisi. Neno moja. Eudosia aliwatazama wanawake wale, mikono yao imeshika tepe, macho yao yanangoja jambo la kusimulia jioni.

"Ni nzima."

"Basi peleka chuma chako ukakifunge kwenye mlango wako, maana naona ndiyo unaolegea." Duka likaangua kicheko. "Nenda kapike. Woga wa fundi naujua, hata mama yangu alipomaliza shela ya harusi alitaka kuifumua."

Eudosia akatoka na kikapu chake. Kipande kile cha chuma kikawa kizito kama kiti.

Siku ile hakula. Aliwaza uzito wa kioo. Alikipima mwenyewe alipokichukua Kusko, watu wawili walikishika. Aliwaza ngazi za kanisa, ngazi kumi na nne za mawe, ambapo wabebaji wa mbele hushuka kwanza na upinde wote huinama. Alhamisi asubuhi akamwamsha Luzmila, akamfunga kitambaa kuzunguka taya mpaka utosini.

"Mama, ni nini?"

"Una matumbwitumbwi."

"Mbona siumwi?"

"Yanaanzaga hivyo. Utaumwa baadaye."

"Mama, shavu langu liko sawa! Tazama! Mahindi natafuna!"

"Acha kutafuna."

Luzmila alilia siku mbili. Si kilio cha deko, bali kile cha kukaa kimya na kutazama ukuta, ambacho mama hakiwezi. Ijumaa alimwambia, "Umenionea wivu kwa sababu wewe hukupata utepe ulipokuwa mdogo." Eudosia akayameza maneno hayo, kwa maana alijiambia afadhali mtoto amchukie akiwa na kichwa kizima. Akaenda kwa Sista Amparo, akasema mtoto ana matumbwitumbwi, yanaambukiza, heri apumzike. Sista akamshukuru kwa kuwafikiria watoto wengine.

Akarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akashusha pumzi. Mtoto wake ametoka. Ndivyo alivyowaza. Wenzangu, tusidanganyane, mama wengi tungewaza hivyohivyo, kwamba wangu ametoka basi mengine Mungu atajua.

Jumamosi mchana, Nicanora akaingia na mikate sita ya moto ndani ya kitambaa, uso mzima meno.

"Shoga, nikuvue viatu nikubusu miguu? Sista amempa Delfina wangu utepe wa Luzmila!"

Eudosia alishika meza.

"Najua mwenzangu una uchungu," Nicanora akaendelea, "lakini bahati imebaki ukutani petu, haijaenda mbali. Nimekaa tangu asubuhi natoa pindo la gauni. Delfina anatembea ndani ya nyumba mkono juu, anaburura mshipi wangu eti utepe. Baba yake nimempigia simu kule mgodini, amelia. Mwanaume yule! Hakulia hata kwenye msiba wa mama yake." Akacheka huku anafuta macho kwa aproni. "Luzmila mwanangu, shavu linaendeleaje? Utapona. Mwakani zamu yako."

Luzmila alikishika kitambaa chake. Alikuwa anamtazama mama yake.

Mdomo wa Eudosia ulifunguka. "Nicanora..."

"Nini?"

"Delfina... hana mafua? Baridi ya asubuhi ni kali."

"Mtoto wa tanuri huyo, baridi itamkuta wapi? Kula mkate, umekonda."

Akaondoka anaimba. Eudosia akabaki na mikate mikononi, inamchoma, wala hakuiweka chini.

Jumapili jua lilitoka kali. Kanisa lilijaa mpaka nje, wachezaji wenye barakoa wamejipanga uwanjani, moshi wa simbilisi wa kuoka, wale wanyama wadogo kama panya wanaofugwa jikoni, umetanda, watu wameshaanza pombe ya mahindi. Eudosia alisimama karibu na mlango mkubwa, amemshika mkono Luzmila, kitambaa bado kimefungwa tayani. Pazia lilipofunguliwa watu walisema "Aaa" kwa pamoja. Fremu iliwaka kama moto. Mtu nyuma yake akasema, "Kazi ya Eudosia hiyo." Si ya marehemu, ya Eudosia. Maneno aliyoyangoja miaka minane, na yakamwingia kama maji ya barafu.

Alikuwa hamtazami Bikira. Alitazama kona ya juu, mkono wa kulia. Siku tano kwenye chumba kikavu, mishumaa inawaka mchana na usiku. Kulikuwa na mstari. Mwembamba kama unywele, mweusi ndani ya dhahabu, kutoka ndani kwenda nje, umefika nusu ya upana.

"Inueni!" akapaza Mzee Saturnino. Watu wanane wakainua. Picha ikayumba, ikatulia. Chini yake wasichana wanne wenye magauni meupe kama maziwa, tepe mikononi. Mbele kulia alikuwa Delfina, nywele zimebanwa mpaka macho yamevutika, anatembea kama amebeba yai.

Hatua moja. Nyingine. Upinde ulilia kwa kila hatua, na kwa kila hatua mstari ule ulifunguka na kufunga, kama mdomo.

Nicanora alikuwa upande wa pili wa mlango. Alimwona Eudosia, akamwonyesha Delfina kwa kidevu, akajishika kifua. Akampungia mkono.

Picha ikapita mlangoni, ikatoka juani. Bendi ikalipuka, tarumbeta, ngoma, fataki. Wabebaji wa mbele wakafika kwenye ukingo wa ngazi. Kumi na nne. Mzee Saturnino akainua kidole chake kuwapa ishara washuke.

"Simameni!" Eudosia alipiga kelele.

Hakuna aliyesikia. Akauachia mkono wa Luzmila. Alipita katikati ya watu kwa viwiko, akamkanyaga mcheza barakoa, akasukuma mpiga ngoma, ngoma ikabingirika ngazini.

"Shusheni! Shusheni chini! Itaanguka!"

"Mtoeni huyu mama, amelewa!" mtu alisema.

Mbebaji wa mbele alikuwa ameshashusha mguu kwenye ngazi ya kwanza. Upinde ukainama. Eudosia akafika chini ya picha, akamshika Delfina kwa gauni, akamvuta kwa nguvu mpaka pindo likachanika, akamsukuma ukutani, kisha akawasukuma na wale watatu kama anayefukuza kuku. Watoto wakaanza kulia. Halafu akainua mikono yote miwili na kuushika ubao wa chini wa fremu.

"Eudosia!" Ilikuwa sauti ya Bibi Primitiva, na ilikuwa ya kutisha. "Una wazimu? Siku ya Bikira?"

"Mzee Saturnino," Eudosia alisema, mikono juu, pumzi imekatika, "rudi nyuma ngazi moja. Polepole. Kona imeachia. Nakuomba kwa jina la baba yangu."

Mzee akamtazama. Kisha akatazama juu. Seremala haambiwi mara mbili. Uso wake ukabadilika rangi.

"Rudini," akawaambia wenzake kwa sauti ndogo. "Msiyumbe. Rudini. Sasa piga magoti. Wote pamoja."

Bendi ilikuwa imekoma. Wale wanane wakapiga magoti, picha ikashuka pamoja nao, na Eudosia akashuka nayo. Ilipogusa mawe ikatoa mlio mdogo, mkavu. Ule ubao wa juu ukabaki kwenye kulabu, na kona ya kulia ikafunguka. Unga wa mbao na gundi ukamwagika juu ya dhahabu. Kioo kikateleza kwenye mfereji wake, kikatoka, kikapasukia pale mawe yalipokuwa yamekanyagwa na viatu vyeupe vya wasichana wanne. Kipande kimoja kilimkata Eudosia kiganja. Picha yenyewe Mzee Saturnino aliidaka kwa kifua, haikupata hata mkwaruzo.

Kisha mwanamke mmoja akalia, "Muujiza!"

"Bikira amemwonyesha fundi!"

"Ameona kwa macho ya roho! Tazameni mikono yake!"

Wanawake wakamzunguka, wakaubusu mkono uliokuwa unatoka damu. Bibi Primitiva, ambaye dakika mbili zilizopita angemmeza mzima, akapiga ishara ya msalaba akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima kwamba mwaka huu, wakati yeye ni msimamizi, Bikira amesema na mtu. Njia ilikuwa wazi kabisa. Eudosia alihitaji kuinamisha kichwa tu, na mpaka leo wangekuwa wanamwonyesha kwa kidole, huyo ndiye mama wa muujiza.

Nicanora akaja anapasua watu, Delfina amemng'ang'ania kiunoni. Akamkumbatia Eudosia, akamlilia shingoni mpaka shali ikalowa.

"Umeniokolea mwanangu. Umeniokolea, shoga yangu. Nitakulipa nini mimi?"

Kisha akajitenga kidogo, akafuta pua. Nicanora si mjinga. Macho yake yalikwenda kwenye ule unga uliomwagika, yakarudi kwa Eudosia.

"Umejuaje?"

Wanawake wakasema, "Bikira! Bikira kamwonyesha!"

Eudosia akatikisa kichwa. "Niliijaza mimi," alisema. "Ilikuwa imepasuka, nikaijaza uji nikaifunika."

Kelele zikafa, za karibu kwanza, halafu za mbali.

"Lini?" Nicanora aliuliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu." Nicanora akageuka polepole, akamtafuta Luzmila. Mtoto alikuwa amesimama palepale mlangoni alipoachwa, kitambaa kimeshuka shingoni, mashavu yake laini, sawasawa, yote mawili. Nicanora akayatazama muda mrefu.

"Huyu wako ulimtoa," alisema.

"Nilimtoa."

"Na wangu ukamwona anaingia."

Eudosia alitaka kusema habari za dukani, za ufunguo, za wanawake na tepe zao. Hayakutoka. Yangesaidia nini? "Nilimwona," alisema.

Nicanora hakumpiga, ingawa watu walingoja ampige. Alimwinua Delfina, msichana mkubwa wa miaka kumi, akampakata kama mtoto mchanga, na kushuka naye ngazi zote kumi na nne, utepe unaburuzika nyuma. Mzee Saturnino akaizungushia picha poncho yake, blanketi lake la begani. Wakaibeba mikononi, bila fremu, bila bendi, na watu wakaifuata. Wa mwisho kuondoka alikuwa Bibi Primitiva; alisimama mbele ya Eudosia, akautazama ule unga wa mbao uliomwagika, akaondoka.

Eudosia alibaki ngazini. Akapiga magoti, akaanza kuokota vioo na kuvitia ndani ya shali yake. Kivuli kidogo kikaja. Luzmila alichuchumaa kando yake, akanyoosha mkono kwenye kipande kirefu.

"Usiguse!" Eudosia alipiga kelele. "Kitakukata!"

Mtoto akaurudisha mkono. Akakitazama kioo, kisha akamtazama mama yake.

"Na Delfina, Mama? Yeye kisingemkata?"